Pikipiki inayowaka ikishafika kwa fundi

Ubovu unaomtesa zaidi mwenye bodaboda si injini kugonga wala mnyororo kukatika. Injini iliyogonga imegonga: fundi anaifungua, anaona, anataja bei, mnaelewana. Ubovu mchungu ni ule unaokuja na kuondoka. Asubuhi umebonyeza stata mara moja, pikipiki ikaitika. Saa nne, abiria ameshapanda na kofia yake kichwani, unabonyeza, kimya. Unapiga kiki mpaka goti linauma. Abiria anashuka, anapanda ya jirani. Unaisukuma hadi kwa fundi, anabonyeza yeye, inawaka papo hapo, na wewe unabaki unajieleza kama mtu aliyesingizia.

Kinachofuata kinajulikana kwenye kila kijiwe, kuanzia Mbagala hadi Mwanza. Fundi anasema hii ni CDI. Inanunuliwa CDI. Siku chache pikipiki inatulia, kisha inazima tena, safari hii katikati ya barabara, lori likiwa nyuma. Inanunuliwa koili. Halafu plagi. Halafu betri. Dereva wa mkataba, ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri hata kama kutwa nzima ameshinda gereji, anakopa kwa wenzake ili alipie kifaa cha nne. Na mara nyingi sana vile vitatu vya mwanzo vilivyotupwa chini ya benchi vilikuwa vizima.

Jambo ninalotaka kulisema ni moja, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu pesa inayopotea hapa ni ya watu wasiokuwa nayo: ubovu wa umeme unaokuja na kuondoka haukisiwi, unapimwa, tena unapimwa wakati upo. Na mara nyingi haumo ndani ya kifaa. Umo kwenye kiungo.

Itazame CDI yenyewe, kile kisanduku kidogo kinachoamua plagi ipige cheche lini. Ndani kimejazwa gundi ngumu. Hakuna kinachotembea, maji hayaingii kirahisi, mkono wa mtu haufiki. Kinaweza kufa, ndiyo, na mara nyingi kikifa kinakufa moja kwa moja. Sasa tazama soketi yake. Ni meno ya chuma chembamba yaliyotengenezwa yabane, yanayotikiswa kutwa kwenye barabara ya vumbi, yanayopigwa maji ya presha kila asubuhi kwenye sehemu ya kuoshea, na kama ni Tanga, Mombasa au Unguja, yanayokaa kwenye hewa ya chumvi mwaka mzima. Ukichomoa CDI ya zamani na kuchomeka mpya umefanya mambo mawili kwa mpigo: umebadilisha kifaa, na umeyasugua yale meno. Pikipiki ikiwaka, sifa zinakwenda kwa kifaa kipya. Kutu ikirudi kwenye meno, ubovu nao unarudi, na mwenye duka anaambiwa ameuza feki. Feki zipo, tena nyingi. Lakini kabla ya kutoa hela, ichomoe ile ya zamani na kuichomeka mara kadhaa. Pikipiki iliyogoma ikiwaka kwa kufanyiwa hivyo tu, umeshajua pa kushughulikia, na hujatumia hata shilingi.

Kuna sababu ya kihistoria ya hali hii ambayo haisemwi sana. Mwaka 1976 Honda ilileta CG125, pikipiki iliyobuniwa kwa nchi ambazo wahandisi wake waliona inabebeshwa mizigo mizito na kucheleweshwa sevisi. Waliacha kamshafti ya juu na mnyororo wake, wakarudi kwenye fimbo za kusukuma valvu, kwa kuwa hizo zinavumilia oili chafu na mwenye pikipiki msahaulifu. Viwanda vingi vya China viliuiga mtindo huo, na injini za ukoo wake zimejaa barabarani kwetu. Injini hiyo imeundwa kuvumilia. Nyaya zinazoizunguka hazikupewa uvumilivu huo. Zina shaba ile ile nyembamba na plastiki ile ile inayokauka kwa jua. Ndiyo maana unakuta pikipiki ya miaka mingi, injini bado ina nguvu, lakini kuwaka kwake ni kwa bahati nasibu.

Swali la kwanza la fundi mzuri halihusu ulichobadilisha. Anauliza: ikigoma, stata inazungusha injini au haizungushi? Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza siku nzima. Stata isipozungusha, lakini kiki ikiwasha bila shida, basi plagi inapata moto na tatizo liko upande wa stata: swichi zake, betri, rilei ya stata, nyaya nene na ethi, yaani ule waya wa hasi unaofungwa kwenye injini au fremu. Stata ikizungusha vizuri na injini isishike, waache betri na rilei wapumzike, nenda kwenye plagi na mafuta.

Hapa lazima ujue pikipiki yako ni ya aina gani. Kuna zile ambazo CDI inalishwa na koili za sumaku moja kwa moja. Hizo zinawaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Na kuna zile ambazo CDI inakula umeme wa betri. Betri ikilala, kiki nayo ni jasho la bure. Kujua ni rahisi: chomoa fyuzi ya betri, washa ufunguo, piga kiki. Ikiwaka, inalishwa na sumaku. Izime hapo hapo wala usiivutie moto, kwa sababu umeme wa sumaku usiokuwa na betri ya kuupokea unaweza kuunguza taa.

Sasa njoo kwenye hoja inayopotosha kuliko zote: "Taa inawaka vizuri, honi inalia, kwa hiyo betri ni nzima na nyaya ni nzima." Nimeisikia kwa madereva, nimeisikia kwa mafundi wenye uzoefu mkubwa. Hoja hiyo imekosea, na kosa lake linaonekana kwa hesabu ndogo. Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani, alichapisha kanuni yake mwaka 1827: volti zinazopotea njiani ni ampea zinazopita zikizidishwa na ukinzani wa njia. Chukua kiungo kilichoota kutu chenye ukinzani wa omu 0.04. Taa kubwa ya wati 35 inavuta kama ampea 3. Kwenye kiungo hicho inapoteza volti 0.12, wala jicho halioni tofauti. Stata inayovuta ampea 50 inapoteza hapo hapo volti 2 nzima, juu ya zile ambazo betri yenyewe inashuka ikibebeshwa mzigo. Stata inabaki na volti 8 au chini ya hapo, inanguruma kidogo na kunyamaza. Ni sawa na daraja la njia moja kwenye barabara ya njia nne: Jumapili asubuhi hakuna anayesimama, Jumatatu saa moja hakuna anayepita. Kwa hiyo taa kuwaka hakuthibitishi lolote kuhusu njia ya stata.

Na mita ukiiweka kwenye omu haitakuonyesha hiyo 0.04, kwa kuwa nyaya za mita zenyewe zina ukinzani unaozidi huo. Waya wenye nyuzi mbili tu zilizobaki nzima utalia "piii" kwenye mita na utaonekana mzima. Njia ya kuukamata ni kupima volti huku mzigo ukiwa umewekwa.

Weka mita kwenye volti za DC. Gusa vichwa viwili vya betri pikipiki ikiwa imezimwa na imetulia. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.8, ikisoma 12.2 imebaki nusu, 12.0 karibu inalala. Bila kuondoa ncha za mita, mwombe mtu abonyeze stata. Hapa ndipo ukweli unapotoka. Mita ikiporomoka hadi 6 au 7, kwanza ichaji betri hadi ijae, kisha rudia. Ikiporomoka tena, betri imechoka. Ikibaki juu ya 12 huku stata imenyamaza, betri haina kosa na hakuna umeme unaotoka. Tafuta swichi, rilei, au mahali njia ilipokatika. Nimeona betri nzima zikibadilishwa kwa sababu tu hakuna aliyepima kwa sekunde hizo tano.

Kisha fuata njia yenyewe. Ncha moja ya mita iguse kichwa cha hasi cha betri, kile cha risasi chenyewe, siyo skrubu wala chuma cha waya. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha injini. Bonyeza stata. Namba utakayoiona ni volti zilizopotea upande wa ethi. Chini ya 0.2 ni safi. Ikifika nusu volti, kuna jambo. Ikiwa volti moja au zaidi, umeshampata mwizi bila kufungua kitu. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi skrubu ya stata, halafu juu ya rilei kutoka skrubu yake moja hadi nyingine. Rilei ikilia "tak" na volti karibu zote zikaonekana kati ya skrubu zake mbili, ndani yake visahani vya kugusana vimeungua. Hiyo sasa nenda kainunue, kwa moyo mweupe.

Ethi inastahili neno la ziada kwa sababu inasahaulika. Kwenye pikipiki nyingi waya huo umefungwa kwenye fremu juu ya rangi, kwa boliti moja ambayo pia inashikilia kitu kingine. Boliti hulegea kidogo, maji yakaingia, rangi ikavimba. Ukiipata, fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, rudisha na wosha yenye meno, kaza, paka grisi juu. Ni kazi ya dakika kumi. Sijui kazi nyingine ya gereji inayorudisha thamani kubwa kwa jasho dogo hivyo.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, angalia vitu vidogo. Pikipiki nyingi zina kiswichi kwenye mkono wa klachi, na nyingine kwenye stendi ya pembeni, na stata haitafanya kazi mpaka viswichi hivyo viridhike. Kama inakubali ikiwa nyutro peke yake na inakataa ikiwa kwenye gia hata ukishika klachi, mara nyingi ubovu uko kwenye kile kiswichi cha klachi. Huenda kimejaa vumbi tu.

Niliwahi kusimama kwenye gereji moja ya Tandika, chini ya mwarobaini, nikaangalia ubovu wa namna hii ukikamatwa. Kijana alikuja na malalamiko kwamba pikipiki inazima, siyo kila wakati, ila akikumbuka vizuri ni kama akikata kona. Kona ipi? Akafikiri. Ya kulia. Fundi hakugusa spana. "Iwashe, mdogo wangu, iache ingurume hapo." Akashika usukani, akaugeuza taratibu kushoto hadi mwisho. Injini haikushtuka. Akaurudisha, akaupeleka kulia, taratibu vile vile, na ilipobaki kidogo kufika mwisho injini ikakata. Akawasha tena, akarudia. Ikakata pale pale.

Akafungua taa kubwa, akavuta fungu la nyaya linalopita shingoni mwa usukani. Lilikuwa limebanwa kwenye fremu kwa kamba ya plastiki iliyokazwa mno, kwa hiyo kila kona ilikuwa inalikunja mahali pale pale. Akakata kamba, akachana tepu, akaanza kuvuta waya mmoja mmoja kwa vidole viwili. Waya mzima ukiuvuta hauendi popote, shaba inaukatalia. Alipofika kwenye mweusi, plastiki yake ikanyooka ikawa nyembamba, maana ndani hapakuwa na shaba ya kuishikilia. Kwa nje haukuwa na hata mkwaruzo. Alipoupasua, unga wa kijani ukadondoka kwenye kiganja chake. Nyuzi zilizobaki zilikuwa mbili, labda tatu, nazo zinagusana na kuachana kadiri usukani unavyogeuka.

Kilichonivutia zaidi ni alivyourekebisha. Alikata nyuma mpaka akapata shaba inayong'aa, kwa sababu kutu inatambaa ndani ya plastiki mbali kuliko unavyodhani. Akaongeza kipande kipya, na maungio yake akayaweka mbali na shingo, sehemu isiyokunjwa. Waya uliochomelewa kwa risasi unakuwa mgumu, na ukiuacha kwenye mkunjo unakatika tena pembeni mwa risasi. Akafunika kwa mpira unaojibana kwa joto, akarudisha fungu likiwa na ulegevu wa kutosha usukani kugeuka pande zote mbili. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Nyaya za pikipiki zina lugha ya rangi, na anayeijua anaokoa muda. Kwenye nyingi za China zilizofuata mpangilio wa Honda, kijani ni ethi, nyekundu inatoka betri, nyeusi ni umeme uliokwisha kupita kwenye ufunguo. Mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia: ukigusa chuma cha fremu, CDI inayolishwa na sumaku inakata moto, kwa sababu ndivyo ilivyopangwa. Waya huo ukichubuka mahali na kugusa fremu kila ukipita tuta, injini itakuwa inazima kwenye matuta. Kujaribu ni kuuchomoa kwenye soketi yake. Ubovu ukiisha, tafuta mchubuko au swichi mbovu. Kumbuka tu kwamba ukiwa umechomolewa ufunguo hauzimi injini. Utaizima kwa kuweka gia, kushika breki na kuachia klachi. Pikipiki za India zina mpangilio wao wa rangi, usilazimishe.

Ubovu wa joto ndio unaohitaji subira kuliko wote. Pikipiki inatembea vizuri nusu saa, inazima yenyewe kama imeishiwa mafuta, haiwaki hata ufanyeje. Unakaa kivulini, unakunywa maji, inawaka kama hakuna kilichotokea. Wengi wanakimbilia koili. Mimi ningeomba kwanza mfungue kofia ya tanki. Kofia ina kitundu cha hewa, na kitundu kikiziba tanki linanyonya utupu, mafuta yanaacha kushuka. Inachukua muda ule ule wa nusu saa kuzima, na ukikaa kivulini hewa inapenya polepole na mafuta yanashuka tena. Inafanana na ugonjwa wa koili kwa kila kitu. Ukifungua kofia ikavuta hewa "fyuu", na injini ikawaka baada ya muda mfupi, koili iache. Valvu zilizobana nazo huleta ugumu wa kuwaka injini ikiwa ya moto, na hilo halihusiani na umeme hata kidogo.

Kama si hayo, chomoa plagi pale pale barabarani, ikiwa bado imegoma. Hapo ndipo neno langu la "wakati upo" linapata maana. Ichomeke kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini kwa uhakika, mbali na tundu ilipotoka ambako mvuke wa petroli unapumua, na mtu apige kiki. Usiishike kwa mkono. Usiiache ikining'inia hewani bila kugusa chuma. Moto usiokuwa na pa kwenda unatoboa koili na kuua CDI, na hapo utakuwa umetengeneza ubovu wa kweli. Cheche ikiwepo, ya bluu na yenye mlio, tafuta kwenye mafuta. Isipokuwepo, na dakika kumi baadaye ikarudi, ni umeme.

Wa kushuku hapo ni watatu: koili, CDI, na ile koili ndogo iliyo kando ya sumaku inayoiambia CDI wakati wa kupiga, wengi huiita pulsa. Waya wa shaba ukipata joto ukinzani wake unapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Pulsa inayosoma omu 200 kwenye nyuzi 30 itasoma kama 255 ikifika nyuzi 100. Huo ni mwenendo wa kawaida, usitishike. Lakini uzi wake mwembamba ukiwa na ufa, joto linautanua, ncha zinaachana, mita haisomi chochote. Ukipoa zinagusana tena. Kwa hiyo pima ikiwa ya baridi, andika. Pima injini ikiwa ya moto na imegoma, linganisha. Koili na CDI zinaweza kupashwa bila kutembea hata mita moja: azima mashine ya kukaushia nywele saluni ya jirani, ipulizie CDI ukiwa umewasha injini. Ikizima, umeshika mkia. Au fanya kinyume, barabarani ikigoma weka kitambaa kibichi juu ya koili peke yake. Ikiwaka mapema kuliko kawaida yake, jibu unalo.

Masika inakuja na ya kwake. Pikipiki inayosumbua kwenye mvua au baada ya kuoshwa mara nyingi inavujisha moto kabla haujafika kwenye plagi. Volti zinazokwenda kwenye plagi ni maelfu kwa maelfu, na maji machafu kwenye waya uliopasuka ni njia nzuri kwao. Subiri giza liingie, washa injini, pulizia maji kidogo kwa chupa ya kinyozi kwenye waya wa koili na kofia ya plagi. Utaona vijimwali vya bluu vikirukia kwenye injini pale ulipo ufa. Kwenye pikipiki nyingi kofia ya plagi inafunguka kwa kuzungushwa. Kata milimita tano za mwisho za waya, zile zilizoliwa, kisha izungushie tena kwenye shaba safi. Na kofia yenyewe ipime: nyingi zina kizuizi cha omu 5,000 ndani yake, na kilichoungua kinasoma mamia ya maelfu au hakisomi kabisa.

Nimeacha kwa makusudi kundi ambalo ningelishuku mapema zaidi kuliko yote, nalo ni vitu vilivyoongezwa. Taa za ziada, redio, chaji ya simu, alamu, kifaa cha kufuatilia pikipiki ambacho tajiri amekifunga ili ajue ilipo na aweze kuizima akitaka. Kila kimoja kimeunganishwa kwa kuchubua waya wa kiwandani, kusokota, kuzungushia tepu. Tepu inayeyuka gundi kwa jua, maji yanaingia, mchezo unaanza. Alamu nyingi na vifaa vingi vya kufuatilia vina rilei ndogo iliyopachikwa katikati ya njia ya moto, ili viweze kuukata. Rilei hiyo ikichoka, inakata bila kuagizwa na mtu. Pikipiki inayozima ghafla, taa zote zikibaki zimewaka, na yenye kifaa kama hicho, ningeanza hapo. Kwa ile ya mkataba, ruhusa ya tajiri ni lazima, wala dereva asiguse peke yake akaonekana anataka kuitorosha.

Kuhusu chaji sina mengi. Injini ikiwa mzunguko wa kati, betri isome kati ya 13.5 na 14.8. Ikizidi 15, regulata imeharibika na itaichemsha betri na kuunguza balbu. Isipopanda kabisa, fuata soketi ya regulata kabla ya regulata yenyewe. Mara nyingi ina jino moja lililoungua likawa la kahawia. Na kama pikipiki inalala nzima na kuamka betri imekufa, kuna kitu kinakunywa usiku. Betri ya ampea-saa 5 inayoibiwa miliampea 50 inamalizika kwa saa 100, siku nne na ushee. Aliyeiacha Ijumaa akasafiri msibani anarudi Jumanne kuikuta haina kitu. Fyuzi nayo isizibwe kwa karatasi ya sigara. Fyuzi inayoungua kila mara inakuonya juu ya shoti, na ukiinyamazisha, kinachofuata kuungua ni fungu zima la nyaya, likiwa chini ya tanki la petroli.

Kwa nini basi, kama vipimo ni rahisi hivi, tunaendelea kubahatisha? Sikubali jibu la kwamba mafundi wetu hawajui. Wengine wamepitia vyuo vya ufundi vya VETA, wengine wamefundishwa na kaka zao gerejini, na mikono yao inajua mambo ambayo hakuna kitabu kinachoyaandika. Tatizo ni namna tunavyowalipa. Mteja anayetoa hela bila kulalamika kwa CDI iliyoko ndani ya boksi, huyo huyo anakasirika akiambiwa alipie saa moja ya kutafuta. "Umekaza waya tu, halafu unataka elfu tano?" Fundi anasikia, anajifunza. Akibadilisha kifaa anapata faida ya kifaa na hela ya kazi, na mteja anaondoka na kitu cha kushika mkononi. Akipata kutu kwenye soketi baada ya saa mbili za kutoka jasho, anapewa soda. Kwa mpangilio huo fundi mwaminifu ndiye anayelala njaa, na sisi wateja ndio tuliouweka.

Vijiwe vina nguvu ya kuubadilisha. Vingi vina mfuko wa kufa na kuzikana, vina mwenyekiti na mweka hazina, vina namna ya kumsaidia mwenzao akipata ajali. Kijiwe kinaweza kukubaliana na fundi mmoja bei ya uchunguzi, iwe inajulikana, ilipwe hata kama hakuna kitu kilichobadilishwa, na badala yake fundi aonyeshe alichokipima na volti alizozisoma. Kinaweza kuchanga mita moja ya bei ya kawaida, ikae kwa mweka hazina, na watu wawili wafundishwe kusoma volti za betri huku stata ikibonyezwa, kwa sababu ubovu huu unajitokeza kijiweni, siyo gereji. Na kila dereva, pikipiki ikimgomea, kabla hajaanza kuisukuma atazame mambo manne na kuyaweka kwenye simu: ilikuwa ya moto au ya baridi; kulikuwa na maji; usukani ulikuwa umeelekea wapi; na taa ya nyutro ilifanya nini alipobonyeza stata. Ikififia hadi kuzimika, umeme unaishia njiani au betri imechoka. Ikibaki inang'aa vile vile, amri haikufika kwenye stata. Fundi akipokea taarifa hiyo anaanza kazi akiwa ameshavuka nusu ya safari, na ile CDI inaweza kuendelea kukaa dukani.